Pasipoti Katika Bahasha ya Shukrani

Mwaka 2023, mvua za vuli zikiwa bado hazijaisha, nilikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Sofie, mwanafunzi kutoka Denmaki, alikuwa anamaliza muhula wake nyumbani kwangu Uthiru. Angesafiri Jumatatu tarehe 11 Desemba, afanye mtihani wa mwisho kwao tarehe 13.

Jumapili tarehe 10 niliichukua pasipoti yake bila kumwambia, nikaitia katika bahasha yangu ya shukrani ili iombewe madhabahuni. Nilidhani ningerudishiwa baada ya ibada. Wazee wa kanisa waliifungia sandukuni pamoja na sadaka, na mweka hazina akaenda Nyeri na ufunguo.

Simu moja kwake ingetosha. Lakini mimi, mjane niliyesoma gumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa na miaka hamsini, na tangu hapo nikawa naandika saa na tarehe kwenye kila kitu, nisiyevumilia uzembe wa mtu, niliona haya.

"Shosho, nimetafuta pasipoti hata bandani kwa kuku," Sofie alilia Jumatatu alfajiri, akiniita bibi kama kawaida yake.

"Hati ya serikali haitunzwi kama leso, msichana wewe!" nikamkemea.

Ndege ikaondoka. Mtihani ukapita.

Alhamisi tarehe 14 mweka hazina alikuwa amerudi, na kamati ya kanisa ikafungua sanduku. Sofie alikaa kando yangu, akisubiri barua ya kanisa ya kupeleka ubalozini kwao ili apate pasipoti nyingine. Mweka hazina akainua bahasha, akasoma kwa sauti: "Ombi la safari njema ya Sofie. Pasipoti imo ndani. Saa nne na dakika kumi, 10/12/2023."

Akanitazama. "Mama Njoroge, huu si mwandiko wako?"

Sofie aliuondoa mkono wake mkononi mwangu. Katibu akaliandika jambo hilo katika kumbukumbu za kikao, nami nikatia sahihi, na tarehe.