Vyumba Viwili vya Kikatiti

Juzi nimepanga nyumba Kikatiti. Nakuambia wewe kwanza, maana wengine nikiwaambia wananiuliza nimekosa nini Arusha mjini. Sijakosa kitu. Nimehamishiwa kazi huku, dalali akanionyesha ghorofa jipya lenye vigae, jiko la ndani na bafu la maji ya moto, nami nikazunguka vyumba vyote huku nikicheka peke yangu. Dalali akadhani nacheka bei. Kumbe nilikuwa nimefungua dirisha na kuuona Mlima Meru umekaa palepale nilipouacha. Furaha ya kuhamia Kikatiti naijua tangu nilipokuwa darasa la pili, na ile ya kwanza ilinishika zaidi ya hii.

Wakati ule tulikuwa tunaishi Olasiti kwa baba mdogo, watu sita chumba kimoja, na mmoja akitaka kugeuka usingizini sharti awaage wenzake. Baba akapata kazi ya kuendesha mashine ya kusaga Kikatiti. Jioni moja alirudi na habari kwamba amepata vyumba viwili. Viwili, alisema, akainua vidole ili tusije tukakosea. Mama aliacha kusonga ugali, akasimama na mwiko mkononi, akamwomba arudie.

Nyumba ilikuwa ya Bibi mmoja wa Kimeru, mjane, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo ilibidi unyamaze ndipo uisikie. Vyumba vilizunguka uwanja, bomba lilikuwa katikati, na kila chumba kilikuwa na taa ya umeme. Mimi na kaka yangu tuliiwasha na kuizima mpaka Baba akatishia kuitoa balbu. Mlango wa pili alikaa fundi cherehani, mama wa Kichaga, ambaye mashine yake ilianza kulia alfajiri na kutuamsha kwa ajili ya shule. Siku ya gulio barabara ya Moshi ilijaa nyanya, maharage, mbuzi na mitumba, na harufu ya nyama ya kuchoma ilitufuata hadi uwanjani. Bibi alitupokea kwa bakuli la loshoro, yale mahindi ya kukoboa yaliyopikwa yakalainika na kuchanganywa na maziwa ya mgando. Kaka alisema hawezi kula kitu kichachu. Nilikula la kwangu na la kwake, na jioni nikauliza kama limebaki.

Lakini Bibi alikuwa na sharti lake, na alilisema mbele yetu sote.

"Mimi sipangishi mtu kwa haraka. Kaeni niwaangalie mpaka mahindi yavunwe. Nikiona tunaelewana, mtabaki. Nisipoona, mtanisamehe."

Basi tukawa watu wa adabu kupita kiasi. Nilimwamkia shikamoo kila aliponipita, hata akienda chooni, mpaka siku moja akaniambia, "Mjukuu wangu, marahaba ya asubuhi inakutosha kutwa nzima." Mama ndiye aliyetaka kubaki kuliko sisi wote. Tangu aolewe alikuwa akipikia kwenye jiko la mtu mwingine, na sasa alikuwa na kona yake, mafiga yake, na kamba yake ya kuanikia. Alifagia uwanja hata zamu isipokuwa yake.

Jumapili moja, Bibi akiwa kanisani, Mama aliyekuwa amesali misa ya kwanza aliamua kumfurahisha. Nyuma ya nyumba, kati ya kiwanja cha Bibi na cha shemeji yake, palikuwa na kichaka. Sasa uelewe, Mama ni mtu wa Singida, na kwao mpaka ni minyaa. Hapa hapakuwa na minyaa. Palikuwa na mimea fulani ya majani marefu ya kijani, imezongwa na magugu. Mama hafanyi kazi nusunusu. Alichukua jembe akang'oa kila kitu, akasawazisha udongo kwa reki, akanyunyiza maji. Sisi tulibeba majani tukamrushia mbuzi, tukiimba.

Bibi aliporudi alisimama na kitabu cha nyimbo kwapani, akapatazama mahali pale. Aliingia ndani akafunga mlango, mchana kweupe.

Fundi cherehani alitoka kuona kuna nini, akashika kichwa.

"Dada, umeng'oa masale."

"Masale ndiyo nini?"

"Ndiyo mpaka. Aliyapanda baba mkwe wa Bibi. Huku Bibi, kule shemeji yake, na hicho kipande wamekigombania mpaka hawasalimiani. Kesho yule mzee akija kulima, Bibi ataonyesha nini?"

Mama alikaa chini palepale kwenye udongo aliousawazisha. Mimi nililia waziwazi. Nilikiona kile chumba cha Olasiti, nikaiona na zamu ya kugeuka.

Fundi ndiye aliyetuonyesha njia. Alisema isale hilohilo ndilo la kuombea msamaha. Ukimpelekea mtu jani lake lililofungwa fundo, hawezi kukukataa. Tulimnyang'anya mbuzi jani moja zima. Mama akalifunga, akabisha hodi, akapiga magoti na kulitoa kwa mikono miwili. Bibi alilishika lile fundo.

"Nani amekufundisha?"

"Jirani, Bibi."

"Amekufundisha nusu. Na wa upande wa pili umemkosea."

Mama akafunga jani jingine. Bibi hakumwacha aende peke yake. Alimfuata nyuma hadi kwa shemeji yake, uwanja ambao hakuwa ameukanyaga tangu mumewe afariki. Yule mzee alilipokea jani, akajifunga koti, akasema twendeni tukaone.

Huko nyuma ya nyumba mambo yakaharibika upya. Mzee alionyesha mahali mpaka ulipopita. Bibi akaonyesha mahali pengine. Udongo ulikuwa laini na safi, kazi ya Mama, hauna ushahidi wowote. Wote wawili wakamgeukia yeye, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa ameyashika yale mashina siku ile.

Mama alijua vizuri vyumba vile ni vya nani. Akatembea hadi kwenye jiwe moja, upande wa Bibi kabisa, akasema kwa sauti ya chini, "Hapana, Bibi. La kwanza lilikuwa hapa, limelibana hili jiwe." Akafukua kwa vidole, akatoa kipande cha mzizi kilichokatika. Mzee akaanza kutabasamu. Mama akaenda mwisho wa pili, akapita pale mzee alipoonyesha, akafukua tena, na huko mzizi ulikuwa ndani ya upande wa mzee. Tabasamu likaisha.

Bibi alitazama mizizi miwili, akamtazama shemeji yake. "Panda," akamwambia Mama. Vipande vya isale vikachomekwa upya kwa safu, mzee akishikilia kamba huku na Bibi kule, na kabla kazi haijaisha nilisikia mmoja akimuuliza mwenzake habari za mguu.

Mahindi yalivunwa. Mama alikuwa ameanza kufunga vyombo kidogokidogo, maana alimsahihisha mwenye nyumba mbele ya mgomvi wake. Bibi alimkuta akifunga sufuria kwa kanga, akamuuliza anakwenda wapi.

"Mtu aliyeuona mpaka wangu nimfukuze, aende nao wapi?"

Tulikaa mle mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Lakini siku ile ya sufuria nilisikia kitu nilichokuwa sijawahi kukisikia: furaha ya mama yangu. Alicheka jikoni kwake peke yake, na mimi nje nikaruka mpaka nikapoteza ndala.

Sasa hakuna kitu pale. Bibi na yule mzee walishafariki, fundi alirudi kwao, nyumba imebomolewa zikajengwa fremu za maduka, na palipokuwa na masale pana ukuta wa tofali. Nilipita jana nikasimama kidogo, nikaona uchungu, nikaendelea na safari.

Lakini kabla ukuta haujajengwa, wajukuu wa pande zote mbili walimpigia Mama simu. Nilimsindikiza. Masale yalikuwa yamekwisha kung'olewa na trekta, na ndugu walikuwa wamesimama makundi mawili. Mama alivaa gauni lake la misa, akatembea polepole kutoka mwanzo hadi mwisho wa mpaka, akionyesha kwa fimbo, na vijana wakichomeka vigingi nyuma yake. Mpimaji, kijana mgeni, akamuuliza yeye ni nani katika ukoo huu.

"Mimi ni mpangaji," Mama alisema.

Hakuna hata mmoja wa pande zile mbili aliyebisha.