Laana Iliyosemewa Kisiki

Filamu yetu ilihitaji malkia wa ziwa, mwanamke mzee anayemlaani mwizi wa ngoma ya mvua hadi mwizi anageuka kiboko. Kichwa cha kiboko nilikuwa nimeshakitengeneza kwa sponji ya godoro kuukuu. Kamera na uhariri nilijifunza mwenyewe, kwa kurudia jambo moja mpaka linielee. Malkia ndiye aliyetushinda. Waliojaribu nafasi hiyo walipiga kelele, na hakuna aliyetisha.

Tuliyempata hakuja kuigiza. Alikuwa bibi wa jamii ya wafugaji, kutoka tambarare za Hanang, anayeishi Nangara, na alimsindikiza mjukuu wake kwenye usaili. Alikaa tu kwenye benchi, na wasichana waliokuwa wakingoja zamu wakaacha kucheka. Nilipomwomba, alikubali kwa furaha, hata vazi la malkia akalitia shanga mwenyewe.

Siku ya kupiga picha, kando ya ziwa, alipofika kwenye maneno ya laana alinyamaza. Mwizi wetu alikuwa dereva wa bodaboda, na bibi alikuwa amesikia kwamba mkewe ni mjamzito.

“Fundi,” aliniambia, “kwetu maneno ya mama mzee hayaulizi kama ni mchezo.”

Dereva akatania kwamba kama laana yake ina nguvu, afadhali awape trafiki. Lakini alishasogea nyuma.

Nilifikiri, kisha nikampa bibi njia. Dereva angeondoka kabisa, arudi kwake Nakwa, na bibi angekisemea laana kisiki cha mti badala yake. Uso wa dereva tungeupiga picha siku nyingine. Bibi akauliza kama kisiki kina mwenyewe. Nilipothibitisha kuwa hakina, alinyoosha mkono akalaani, na mimi nyuma ya kamera nikajikuta nimerudi hatua moja.

Filamu ilipokamilika tuliionyesha ukumbini. Bibi alikaa mbele. Dereva na mkewe, tumbo likiwa kubwa, safu ya pili. Kwenye skrini mkono wa malkia ulinyooka, na mara ukafuata uso wa dereva ukitetemeka. Nilikuwa nimeziunganisha picha hizo vizuri sana. Watu walishangilia.

Bibi aligeuka kunitafuta. “Mmemrudisha mbele ya mkono wangu,” alisema. “Simamisha.”

Nilisimamisha. Alitoka nje, akarudi na majani mabichi aliyoyang’oa mlangoni na maziwa ya pakiti kutoka duka la jirani. Dereva hakutania tena. Alipiga magoti kati ya viti vya plastiki. Bibi alichovya majani kwenye maziwa, akamnyunyizia kichwani, kisha akamnyunyizia mkewe tumboni, akisema kwa lugha yake maneno ambayo sikuyaelewa. Mke aliyapokea majani, akayashika kwa mikono miwili. Ukumbi mzima ulisubiri.

Bibi alirudi kwenye kiti chake, akajifuta vidole.

“Sasa endelea, fundi,” alisema. “Nimwone akigeuka kiboko.”