Kikwapa cha Kanzu Kwenye Koti la Mcheza Sinema

Siku yangu ya kwanza kwenye ghala la mavazi ya filamu, hapa hapa London, sikupewa sindano wala cherehani. Bosi wangu, Mkuu wa Ukataji, Mwingereza mkavu asiyejua kucheka, alinitupia koti jeusi. "Ligeuze ndani nje," alisema, "kisha uniambie mwenye koti ni mtu wa namna gani."

Loo! Mie fundi wa kanzu, nimetoka Unguja na mkasi wangu, leo niwe mganga wa kupiga bao? Lakini udadisi ndio maradhi yangu, nikaligeuza. Lebo ilikuwa na jina la mcheza sinema mmoja wa Hollywood, wa zile filamu za zamani, ambaye kila akija kuigiza London alishonewa kwetu. Bega la kushoto limetiwa pamba nyingi kuliko la kulia. Dunia nzima ilimwona kasimama wima kama mlingoti, kumbe ni pamba! Kiunoni mishono imefunguliwa, ikabanwa, ikafunguliwa tena.

"Mtu huyu hunenepa akiwa na furaha," nilimwambia bosi.

"Au akiwa na huzuni," alinijibu. "Endelea kusoma."

Basi nikamsoma miaka na miaka, nguo baada ya nguo, bila kumtia machoni. Mkuu wa Ukataji akastaafu, akaja Bibi Msimamizi wa Mavazi, mama wa kalamu na kadi. Kadi ya vipimo ilikuwa sheria kwake. Kasoro yoyote ya mwili wa mchezaji sharti iandikwe humo, na mwongozaji wa filamu aisome.

Ndipo yule mcheza sinema akaja mwenyewe, mzee wa miaka themanini na ushei. Katika filamu mpya alitakiwa avue kofia na kuinyanyua juu, akimuaga marehemu mkewe. Tulikuwa wawili tu chumba cha kupimia. Nikamvisha koti la filamu. Akainua mkono, ukakwama kifuani. Akajaribu tena, jasho likamtoka.

"Fundi," alisema taratibu, "mwongozaji anakuja saa nane. Akiuona mkono huu, kazi anapewa mwingine, na keshachaguliwa. Mimi nyumbani hakuna anayeningoja. Nina kazi hii tu."

Nilimwonea huruma, na wallahi niliogopa pia, maana kadi ninayo mkononi na watoto wangu wanakula kwa kazi ile. Lakini ustadhi aliyenifunza kushona alikuwa akisema fundi ni sitara ya watu. Nikaiweka kalamu chini.

"Hebu vua koti, kisha inua."

Mkono ukapanda mpaka juu ya sikio. Aa! Kumbe bega lina uhai bado, koti ndilo linalomshika! Wenzetu wa huku hukata tundu la mkono likabana kwapani ili mtu aonekane nadhifu. Sisi kanzu tunaitia kikwapa, kijitambaa cha pembe nne chini ya mkono. Ndiyo maana kwetu mzee wa miaka tisini huinua mikono kwa takbira sala zote tano na kanzu isimvute.

Nikafumua koti kwapani, nikakata kitambaa kwenye akiba ya pindo, nikashona kwa mkono. Saa nane mwongozaji akaingia na Bibi Msimamizi. Mzee akavuta pumzi, kofia ikapanda mpaka juu ya kichwa, ikatulia pale. Mwongozaji akapiga makofi.

Bibi Msimamizi, macho yake hayo! Akachungulia kwapani. "Hiki nini?"

"Mshono wa kwetu, Bibi."

"Mchezaji ana tatizo la bega?"

"Koti ndilo lililokuwa na tatizo. Nimelitengeneza."

Akaichukua kadi, akaandika: koti limerekebishwa. Sijui hadi leo kama alinisadiki au naye alisitiri. Mzee akaimaliza filamu yake.

Sasa nimestaafu, nipo Hayes, magharibi mwa London, na uzi hautaki tena kuingia tunduni. Mnaoanza ufundi mniulize mishono, nitawafunza yote. Lakini wajukuu zangu wanataka jina la yule mzee. Hukaa na simu wakinionyesha sura za wacheza sinema wa kale, huyu? huyu? Nami natikisa kichwa tu.

Juzi mjukuu wangu wa kike alichoka. "Babu," aliniambia kwa Kiingereza chake, "si ameshakufa?"

"Ameshakufa, mama," nikamjibu. "Hawezi tena kujisitiri mwenyewe."