Mwaliko wa Nyumba ya Saba

Kwetu Likoni, kwa akina mama wa makamo na kwenda juu, kadi ya harusi iliyotumwa kwa simu si mwaliko. Ni habari tu. Mwaliko ni mtu avae buibui, aje mpaka mlangoni, apige hodi, akae kidogo, aseme ametumwa na nani, harusi ni ya nani, siku gani na saa ngapi. Asiyefikiwa hivyo hahudhurii, hata kama ni jirani na ngoma anaisikia. Ndiyo maana mpaka leo nashangaa kwamba mamangu, anayenijua tangu nizaliwe, alinituma mimi.

Ilikuwa harusi ya mdogo wangu wa kike. Mama alikuwa na mambo mia, mimi ndiye mkubwa, basi akanipa nyumba saba, kuanzia Bofu hadi Mtongwe. Ya saba ilikuwa ya shangazi, dada wa pekee wa marehemu baba. Niliiacha mwisho kwa makusudi, maana kwake huwezi kusema maneno mawili ukatoka, lazima ule. Isitoshe, kwetu shangazi ndiye anayemfukiza bibi harusi udi kabla hajatoka, kwa hivyo mwaliko wake ulitaka utulivu.

Mwenye nyumba ya sita alijua mimi ni fundi cherehani. Akaniomba nimpime gauni hapo hapo. Sikuwa na kalamu, na simu ilikuwa imeisha chaji. Nikampima kifua: arubaini na mbili. Nikatoka nikiitafuna ile nambari njia nzima, arubaini na mbili, arubaini na mbili, nikafika kwa shangazi. Alikuwa ameketi barazani, leso mpya begani, mkeka umetandikwa, jagi la maji ya ukwaju limefunikwa kitambaa. Habari kwamba naalika zilikuwa zimeshamfikia.

"Shikamoo shangazi," nikasema.

"Marahaba mwanangu."

Nikapita. Arubaini na mbili, arubaini na mbili, mpaka nyumbani kwenye daftari. Nambari ilifika salama.

"Kote umefika?" mama akaniuliza.

"Kote," nikasema, na wallahi niliamini.

Siku ya harusi chetezo cha udi kiliwashwa, makaa yakawa majivu, yakatiwa mengine. Mama alichungulia mlangoni mpaka shingo ikamuuma. Mwishowe alimfukiza mwanawe yeye mwenyewe, machozi yakimtoka, na wageni wakadhani ni ya furaha. Hapo ndipo nilipolikumbuka jagi la ukwaju. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulikwenda kuomba radhi, mimi na mama. Shangazi alitukaribisha, akatupa maji, lakini yeye hakuketi.

"Angepita njia nyingine ningesema amesahau," alimwambia mama, kana kwamba mimi sipo. "Huyu aliniona. Akaniamkia. Akapita. Tangu kakangu azikwe mwanitoa ukooni kidogo kidogo, na siku hiyo mukamaliza."

"Si hivyo, wifi yangu."

"Basi ni vipi?"

Swali hilo liliniuma kuliko hasira zake. Maisha yangu yote nimeitwa mzembe, kichwa maji, asiyejali, na majina hayo nilikuwa nimeshayazoea. Lakini shangazi nilikuwa namjali. Nilikuwa nampenda, na nilipita mbele yake kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa. Mwaka na zaidi mama na wifi yake, watu waliokuwa wakipelekeana futari kila Ramadhani, hawakusemezana, na sababu ni kifua cha mteja wangu.

Jibu lilikuja kupitia mteja mwingine, muuguzi anayekaa Port Reitz. Nilimpima mkono mara nne, kwa kuwa kila nikiligeukia daftari nambari imeshanitoka. Nilifanya mzaha, kama kawaida yangu. Yeye hakucheka. Alinishauri nikamwone daktari anayemfahamu.

Daktari alinitajia nambari, nimrudishie kuanzia mwisho. Tatu niliweza. Nne nilibabaika. Tano nikaanza kucheka kwa aibu. Tulionana siku kadhaa, akaniuliza mambo ya utotoni, ya darasani, ya jikoni, ndipo akaniambia kwamba ninaishi na ADHD, hali ya ubongo inayotatiza umakini, na kwamba nimekuwa nayo tangu nikiwa mdogo. Akanieleza habari ya kumbukumbu ya kazi, ile inayoshikilia jambo kwa muda mfupi wakati unalitumia. Yangu ni sinia dogo. Ukiongeza kikombe kimoja, kingine chaanguka, na mlio wa kuvunjika siusikii. Watafiti wakiwatazama kwa mashine watu kama sisi tukishikilia nambari, alisema, mara nyingi huona sehemu za mbele za ubongo hazifanyi kazi sawasawa na za wengine, na zile za kuwazawaza hazinyamazi inavyotakiwa. Nikamwomba anipige picha hiyo nikamwonyeshe shangazi. Akatabasamu, akasema picha hizo husema juu ya watu wengi kwa pamoja. Mtu mmoja hazimpimi. Nililia kutoka Changamwe mpaka feri, na nilikuwa nalia kwa furaha. Nina miaka thelathini na minane, na ile ndiyo mara ya kwanza niliyopewa sababu badala ya jina baya.

Nilikwenda kwa shangazi peke yangu, nikamweleza yote, hata ile nambari. Shangazi amefundisha madrasa miaka na miaka, amesikiliza mamia ya watoto wakisoma kwa moyo, si mtu wa kuambiwa tu akakubali. Akanitajia nyumba tano za mtaani.

"Haya, nambie. Anzia mwisho."

Nilitaja mbili. Ya tatu nikaibuni.

"Na ile nambari ya gauni waikumbuka?"

"Arubaini na mbili."

"Subhanallah," akasema. "Yaani nalitolewa na gauni."

Hakucheka, nami sikuthubutu.

Miezi michache baadaye mjukuu wake wa kike akaposwa, na shangazi akaniita. Nilidhani ni mambo ya kushona. Nilimkuta barazani, pale pale.

"Kanialikie," akasema.

Nikatoa simu niandike majina. Akaisukuma kando. "Nenda kwa jirani wa mkono wa kushoto, umwalike, urudi unambie."

Nikaenda, nikarudi. Akanipa nyumba ya pili. Nikaenda, nikarudi. Nyumba kumi na moja, na baada ya kila moja nilirejea barazani kwake kuchukua nyingine. Waliotuona wakauliza kama tumeingiwa na wazimu. "Huyu mwanangu hubeba moja moja," akawajibu, akaendelea kujipepea. Dawa za daktari zanisaidia, namshukuru. Yule muuguzi namwombea dua. Lakini bibi wa miaka sabini na kitu, mwenye magoti mabovu, alikaa kwenye mkeka tangu asubuhi hadi alasiri ili kichwa changu kisibebe zaidi ya nyumba moja. Hilo sijui nilishukuru kwa maneno gani.

Niliporudi kutoka nyumba ya kumi na moja nilivua viatu, nikajitupa mkekani.

"Bado moja," akasema.

"Ipi, shangazi?"

"Hii."

"Lakini hapa si ndipo kwa mwenye harusi?"

"Si harusi hii. Ile ya nduguyo. Nangoja tangu siku ile."

Nikavaa viatu. Nikatoka mpaka njiani, nikageuka, nikapiga hodi. Akanikaribisha kama mgeni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na safari hii sikupita. Niliketi ukingoni mwa mkeka, nikamwambia nimetumwa na mama, kwamba anamwalika harusi ya mwanawe, Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, na kwamba chetezo kinamngoja yeye.

Shangazi akalifunua jagi la ukwaju, akanijazia gilasi.

"Mwambie wifi yangu nimealikwa," akasema. "Nitakuja, inshallah."