Aliyepunguza Sauti Saa Kumi

Fundi huyu wa televisheni na spika walimwita Chapchap, na kwa miaka mingi alilichukua jina hilo kuwa sifa. Kazi ambayo wenzake waliifanya kwa siku mbili, yeye aliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Aliingia na begi la zana, akapanda ngazi, akatoboa, akafunga, akakunja nyaya, akafagia vumbi lake mwenyewe, akaaga. Wateja walimpenda. Mteja huangalia picha ukutani. Nyuma ya kabati haangalii, na huko ndiko fundi mvivu huficha uvivu wake.

Miaka mitatu iliyopita alifunga sinema ya nyumbani kwa mchora ramani mmoja mstaafu. Chumba kilikuwa kidogo, kikipakana ukuta kwa ukuta na nyumba ya jirani. Pazia jeupe lilijikunja darini, projekta ilining'inia juu ya mlango, spika tano zilizunguka viti viwili. Mke wa mchora ramani hakutaka kuona mitambo mingine, kwa hiyo yote iliingizwa ndani ya kabati lenye milango ya mbao. Rimoti ya kawaida hutuma mwanga, na mwanga haupenyi mbao. Chapchap akaleta rimoti moja ya kuendesha vyote, ile inayotumia mawimbi ya redio, ambayo hupenya mbao na ukuta hadi hatua thelathini. Ukibonyeza kitufe kimoja, pazia linashuka, taa zinafifia, picha inakuja na sauti juu yake.

Mawimbi hayo hupokewa na kisanduku kidogo kinachokaa nyuma ya kabati. Mgongoni kina kiduara cha kuzungusha chenye namba. Karatasi ya maelezo inasema wazi kwamba kila nyumba ipewe namba yake, ili rimoti ya huku isije ikaamrisha mitambo ya kule. Kutoka kiwandani kiduara huwa kwenye sifuri. Kukizungusha ni kazi ya sekunde moja, lakini baadaye ni lazima uifundishe rimoti upya, na hilo huchukua robo saa. Chapchap hakuwahi kukizungusha, si hapo wala kwingine. "Mtaa mzima nani mwingine ana sinema nyumbani?" alijiambia.

Mchora ramani akafariki. Miezi minne baadaye binti yake, muuguzi, akampigia Chapchap simu.

"Fundi, njoo uangalie mitambo ya baba. Inajiwasha kila siku saa kumi."

"Toa betri kwenye rimoti, dada."

"Nilizitoa wiki iliyopita."

Alifika saa tisa na nusu. Mjane alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe kwa mtoto wa jicho, na la kulia lilianza kuingia ukungu. Kwenye meza ndogo katikati ya viti palikuwa na vikombe viwili vya chai.

"Wewe ndiye uliyemfungia hivi vitu?"

"Ni mimi, mama."

"Basi usivifungue."

Chapchap alikagua soketi na nyaya, akaishika rimoti ya marehemu, akafungua kifuniko cha nyuma. Ilikuwa tupu kama ganda. Alikuwa bado ameishika mkononi wakati injini ndogo ya pazia ilipoanza kunguruma darini. Pazia likashuka taratibu, taa zikafifia zenyewe, projekta ikawaka, na farasi wa filamu za zamani, zile ambazo stesheni moja huonyesha kila siku saa kumi, wakatimka chumbani kwa sauti kubwa, ile ile aliyoipenda marehemu ambaye masikio yake yalikuwa mazito.

Mjane aligeukia kiti kitupu. "Umechelewa dakika mbili," akakiambia.

Kisha, bila aibu yoyote, akamweleza fundi utaratibu wao. Akimuuliza marehemu jambo, yeye humjibu kwa sauti ya filamu. Akipunguza, ni ndiyo. Akiongeza, ni hapana.

"Umemuuliza nini, mama?"

"Ya nyumbani tu. Kama niukate ule mti uliolalia paa, akakubali. Na jambo letu moja la zamani. Na macho."

"Macho alisemaje?"

"Aliongeza mpaka vijiko vikalia. Kwa hiyo siendi."

Binti alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, Alhamisi ndiyo siku ya upasuaji. Ukiikosa, na hilo jicho la pili linafunga."

"Baba yako amesema."

"Baba alikuwa akiumwa ukucha tu anataka kulazwa."

"Amebadilika," mjane alisema.

Hapo ndipo Chapchap alipokisikia kicheko. Kilitoka ng'ambo ya ukuta, kicheko kizito cha mwanamume, na chini yake zilisikika kwato za farasi wale wale. Akauliza nani anakaa upande ule.

"Daktari wa Ng'ombe," binti alijibu. "Amehamia miezi mitatu sasa."

Chapchap alimfahamu. Alikuwa mganga wa mifugo mstaafu, mtu wa maneno mengi na masikio machache. Mitambo yake aliifunga yeye mwenyewe, ya aina ile ile, kwa asubuhi moja. Wakati ule hata hakukumbuka kwamba ukuta aliokuwa akiutoboa ulikuwa na mtu upande wa pili. Akapenyeza mkono nyuma ya kabati na kukigusa kiduara kwa ukucha. Sifuri, kama cha Daktari.

Alimwita binti jikoni, akamwambia ukweli wote. Nampa haki yake katika hilo.

Binti alimsikiliza akiwa ameegemea sinki. "Kwa hiyo mama alipouliza kuhusu macho..."

"Daktari hakusikia vizuri. Akaongeza sauti."

"Mama yangu anapofuka kwa sababu jirani hasikii."

"Na kwa sababu yangu. Nipe robo saa, dada, nikizungushe sasa hivi."

"Ukikizungusha leo, kesho saa kumi hakuna kitu. Atasema baba amekasirika kwa kuwa tumembishia. Atakaa hapo kumngoja mpaka giza limkute." Akachungulia mlangoni, akashusha sauti. "Kesho nenda kwa Daktari. Shika rimoti yake. Mimi nitamwambia mama aulize tena, na wewe upunguze."

"Nimjibu mimi? Kama marehemu?"

"Si umekuwa baba yangu miezi mitatu bila kujua? Kuwa siku moja kwa kujua."

Hoja ile ilikuwa nzuri, na ndiyo maana ilikuwa ya hatari. Uongo ukija na sura mbaya kila mtu huufungia mlango. Huu ulikuja umevaa sare ya muuguzi, ukitaka kumponya mgonjwa. Chapchap, aliyezoea njia ya mkato, aliikubali.

Kesho yake, saa kumi kasoro dakika tano, alikuwa jikoni kwa Daktari wa Ng'ombe. Alikuwa amemwambia kwamba rimoti inahitaji kupimwa kwa mbali. Jiko lilichomoza uani, na dirisha lake lilitazamana kwa pembeni na dirisha la chumba cha sinema cha mjane, hatua moja na nusu tu kati yao, na yote mawili yalikuwa wazi. Aliviona vikombe viwili. Aliuona mkono wa mjane juu ya mkono wa kiti kitupu.

"Chapchap, filamu inaanza," Daktari aliita kutoka sebuleni. "Au leo unapima na subira yangu?"

Fundi akabonyeza. Nyumba mbili zikaamka kwa pamoja.

Ng'ambo, alimsikia binti akisema jambo kwa sauti ya chini. Kisha mjane, aliyezoea kusema na kiziwi, akapaza sauti. "Baba, wananisumbua. Nikuulize mara ya mwisho. Niende hospitali Alhamisi?"

Kidole gumba cha Chapchap kilibonyeza, kikabonyeza tena. Kwato zikafifia.

"Wewe fundi," Daktari alilalamika, "mimi nilitibu ng'ombe, sikusomea kusoma midomo. Rudisha sauti."

"Bado napima, mzee."

Kazi ilikuwa imekwisha. Kama mjane angenyamaza hapo, Chapchap angekunja begi lake na kwenda zake, na mpaka leo angejiita mtu mwema. Lakini mjane hakunyamaza. Alishusha sauti, na sasa, filamu ikiwa imepungua, kila neno lilivuka dirisha.

"Basi nitakwenda. Lakini baba, lile jambo. Siku ile ulipunguza kidogo tu, mara ukarudisha, sikuwa na hakika. Labda hukunisikia vizuri, ngoja nilirudie. Kaka yako alipiga simu, wewe ukiwa kazini. Alisema hali yake si nzuri, uende umwone. Mlikuwa mmegombana, na mimi nilikuwa nimechoka na ugomvi wenu. Nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho sikukuambia. Kesho kutwa akafa. Ulilia kwamba amekufa bila kukutafuta, na mimi nikakushika mgongo, nikanyamaza. Miaka ishirini na mbili nimenyamaza. Kama umenisamehe, punguza kama ulivyopunguza sasa hivi."

Chapchap alisimama na rimoti mkononi. Kitufe kilikuwa chini ya kidole chake, laini, cha mpira, chenye mshale uliochakaa. Kukibonyeza hakukuhitaji hata nguvu ya mtoto. Alimwona mjane ameinamisha kichwa upande wa spika, amezuia pumzi. Nyuma yake binti alikuwa amefunika mdomo; ni dhahiri hakuwahi kuisikia habari hiyo.

"Sauti, bwana," Daktari alisema.

Wapo watakaosema angebonyeza tu, angepungukiwa nini? Mimi nasema msamaha si mali ya fundi. Mwenye kusamehe alikuwa ameshakwenda, na hakumwachia mtu yeyote funguo. Chapchap hakuwa msomi wa mambo haya, lakini kidole chake kiliyajua. Aliona kama amevaa koti la marehemu na bado lina joto. Akauondoa mkono kwenye kitufe.

Ng'ambo, mjane aliendelea kungoja.

Akatoka na rimoti mkononi, akazunguka geti, akaingia chumbani. Binti alimwona na kumtikisia kichwa. Fundi hakusimama.

"Mama, mimi ni fundi."

"Najua hatua zako. Toka, nina mazungumzo."

"Aliyepunguza sauti ni mimi."

Akapiga magoti mbele ya kile kiti na kumweleza kisanduku, kiduara, sifuri, robo saa aliyoionea uvivu. Mjane hakumkatiza. Alipomaliza, mjane alinyoosha kiganja. "Nipe."

Akampa rimoti. Mjane akatafuta mshale kwa ncha ya kidole na kubonyeza kwenda juu. Sauti ilipanda chumbani, na ng'ambo ya ukuta Daktari wa Ng'ombe akasema kwa furaha, "Sasa ndiyo tunaongea."

Mjane akaachia kitufe. Farasi wakaendelea kukimbia.

"Kwa hiyo yule mzee," alisema mwishoni, "nimemwambia mambo ambayo sikumwambia mume wangu."

"Hakusikia, mama. Yeye alikuwa na filamu yake tu."

"Na siku ile alipopunguza kidogo?"

"Sijui. Labda simu yake ililia."

"Labda simu yake ililia," mjane alirudia, polepole, kama mtu anayesoma maneno ya mwandiko wake mwenyewe.

Binti alikuja akamshika bega. "Mama, hospitali..."

"Nitakwenda. Nimeahidi mbele ya watu, hata kama watu wenyewe ni hawa." Akamrudishia fundi rimoti. "Nataka nikione hicho kiduara kwa macho yangu. Hilo jingine niachieni mwenyewe."

Chapchap alikizungusha kiduara cha nyumba ile hadi saba. Kisha akatia betri kwenye rimoti ya marehemu na kuifundisha upya, robo saa kamili, mjane akimsikiliza kila kitufe. Katika wiki zilizofuata alirudi katika nyumba kumi na moja alizoziacha kwenye sifuri, na kila mlango alisema sababu. Wengine walicheka, mmoja alimfukuza. Sasa anafanya kazi ya siku mbili kwa siku mbili, na jina la Chapchap limebaki kama kovu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Macho ya mjane yakafunguka moja baada ya jingine.

Miezi kadhaa baadaye, Chapchap alipita mtaa ule akitoka kazini. Ilikuwa saa kumi. Kwa Daktari kulikuwa kimya. Geti lilikuwa na kufuli, amesafiri. Lakini nyumba ya mjane ilikuwa inanguruma kwa kwato za farasi. Alijua namba ni saba. Aliizungusha mwenyewe.

Akasogea kwenye uzio mpaka dirisha likaonekana. Mjane alikuwa kitini, mgongo wima, macho yake mapya yakitazama kiti cha pili na si pazia. Kwenye meza palikuwa na kikombe kimoja. Midomo yake ilikuwa ikisema jambo, jambo refu. Alipomaliza alingoja kidogo, kisha akainua rimoti iliyokuwa mapajani, na sauti ikapungua.

Akangoja tena. Akairudisha juu, akaanza kusema upya, tangu mwanzo.

Chapchap alisimama pale mpaka ikapungua mara ya tatu. Hakuingia. Alishika njia ya nyumbani, na usiku huo mke wake alipomuuliza kwa nini ameizima televisheni katikati ya taarifa ya habari, alisema anataka kusikia kama kuna mtu anaita.