Unga wa Betri

Jana nilifungua tochi ya zamani, na harufu ya betri zilizovuja ikanirudisha kwenye uwanja wa nyumba yetu Majengo.

Shuleni tuliagizwa unga mweusi wa betri kuukuu, uchanganywe na majani ya maboga, upakwe ubaoni uwe mweusi. Nilikuwa nazipasua betri kwa jiwe nilipomwona mdogo wangu akilamba unga vidoleni.

"Una chumvi," alisema, meno yote meusi.

Niliangusha jiwe. Jirani yetu alitengeneza betri za magari, na nilishaona maji ya betri hizo yakimtoboa suruali. Sikujua bado kwamba zile zina madini ya risasi na asidi, na zetu za tochi zina zinki, manganizi na chumvi ya amonia. Katika zote, umeme hutoka madini yanapoliwa polepole na kemikali. Kwangu betri ilikuwa betri.

Nilimsukutua mdomo, nikampandisha shati, nikalikodolea macho tumbo lake nikingoja litoboke.

"Unaangalia nini, dada?"

"Nyamaza. Linauma?"

"Lina njaa."

Mama akatuita tule. Sikuthubutu kumwambia. Mdogo wangu alipomeza kijiko cha kwanza cha mtori, supu ya ndizi, niliinama kuangalia kama umevuja tumboni na kumlowesha mapaja.