Nilimeza Kidonge Ili Nimswalie Baba

Jamani, hili nawasimulia kwa vile mmenibana, na naomba mtu asicheke kabla sijamaliza, ingawa wenzangu wa kazini walishacheka mpaka wakachoka na mimi mwenyewe siku nyingine najicheka halafu nashtukia nalia. Mimi ni muuguzi wa miaka mingi, napokea wanafunzi wa mazoezi kwenye kituo chetu hapa Mafia na kuwafundisha dawa, na ni mimi huyuhuyu niliyebebwa juujuu kutoka kwenye mazishi ya baba yangu mzazi.

Baba alifariki nyumbani Baleni, asubuhi, baada ya kuugua muda mrefu. Alishasema, tena mbele ya watu, kwamba akifa hataki kuswaliwa na mwingine yeyote ila mimi, mwanawe wa kiume wa pekee. Sasa tatizo langu, nikisimama mbele za watu natetemeka, mikono, magoti, sauti ndiyo usiseme (kwenye maulidi niliwahi kupewa ukurasa mmoja nisome, wakaniondoa katikati, kwa upole, lakini wakaniondoa). Nikawaza, leo nikitetemeka mbele ya kijiji kizima nitamwaibisha mzee.

Ndipo nikakumbuka propranolol. Ni dawa ya moyo na presha, inazuia mwili usipaparike mtu akiwa na hofu, mapigo yanatulia na mikono inatulia. Nilikuwa nayo kwenye mkoba wangu wa kazi (msiniulize). Nikameza, nikashushia maji, nikaenda kuoga.

Pale msikitini nilikuwa mtulivu kupita kiasi. Watu wananipa makiwa, mimi nawajibu kama karani wa posta. Ami Shomari, mdogo wake baba, akaninong'oneza, "Mbona hulii, mwanangu?" Nikamwambia nimejikaza. Nikasimama mbele ya jeneza, safu zikajipanga, nikapiga takbira ya kwanza, sauti imenyooka, na Mungu anisamehe, nilijiona mwanamume kweli. Ya pili nayo ikatoka vizuri. Kisha kifua kikaanza kubana. Navuta pumzi haiingii, nasikia firimbi ndani ya kifua changu, na papo hapo nikajua nimefanya nini, maana mimi nilikuwa na pumu utotoni, ikapotea, nikaisahau kabisa, na dawa ile mwenye pumu hapewi kwa sababu inaweza kumbana njia za hewa. Ndilo swali ninalowauliza wanafunzi wote, na wakikosea nawafokea!

Takbira ya tatu haikutoka. Kilichotoka ni mkoromo, nikaenda chini, na katika kutafuta pa kujishikia nikashika shuka lililofunika jeneza nikaanguka nalo. Mtu akapiga kelele, "Ya Rabi, anamfuata baba yake!"

Basi siku hiyo pale Baleni tukabebwa wawili, mmoja kwenda makaburini, mwingine kwenda kituoni kwenye gari la jirani, mdomo wazi kama samaki. Zamu alikuwa nayo Sista Neema, mwenzangu kutoka Mbeya. Akanivutisha dawa ya pumu kwa mashine, haikufua dafu (ingefanyaje kazi, na kidonge changu kilishaizibia njia?). Akanitazama usoni.

"Umemeza nini?"

Binamu zangu wamejaa mlangoni. "Propranolol," nikasema kwa pumzi niliyobaki nayo.

"Wewe? Wewe mwenyewe?"

Hakucheka siku hiyo. Akanibadilishia dawa, akaniwekea oksijeni, akanishika mkono mpaka kifua kikaanza kufunguka. Na muda huohuo baba anafukiwa na mimi sipo, sikutia hata konzi ya udongo. Niliumia, jamani. Mpaka leo naumia.

Jioni Ami Shomari akaja kunitazama, kanzu yake imejaa udongo. Nikampa shikamoo, nikamuuliza nani alimalizia swala.

"Mimi," akasema. Tena akanisimulia kwamba alilia tangu ile takbira ya tatu mpaka kutoa salamu, sauti inakatika, dua inampotea anairudia, na watu nyuma yake wanalia naye.

"Hakuna aliyesema kitu?"

"Waseme nini? Si nimefiwa?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Nilikimbia aibu ambayo hata haikuwepo, nikaenda kujitafutia yangu kubwa, na haki ya baba nikamwachia mtu mwingine. Nimeapa, msiba mwingine ukinikuta nitatetemeka, nitalia, makamasi yatatoka, na kidonge simezi.

Niliporuhusiwa sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda makaburini, nikaelekea kibla, kaburi lake bichi liko mbele yangu, nikamswalia upya, takbira zote nne, sauti inatetemeka kila moja. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.